Kinga ya mionzi niliyomnunulia Shangazi

Daktari aliuliza swali lile kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza saa.

"Mama, mbali na dawa zetu hizi, nyumbani kuna kitu kingine unachotumia?"

Shangazi akanitazama kwanza. Kisha akafungua fundo la kitenge, akatoa kopo jeupe lenye kifuniko cha kijani, akaliweka juu ya faili lake. Aliliweka kwa mikono miwili, kama anavyotoa sadaka.

Daktari akaligeuza, akaanza kusoma maandishi madogo ya nyuma. Nje watu waliendelea kuitwa majina. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kidole gumba chake kikishuka mstari kwa mstari: vitamini C, vitamini E, beta-karotini, seleniamu, madini joto, unga wa mwani. Alipofika chini akarudi juu, akasoma tena.

"Hili ameanza lini?"

Hakumuuliza Shangazi. Aliniuliza mimi.

Siku hiyo alikuwa anasubiri kupigwa mionzi mara ya 10 kati ya 25. Kopo tulilianza siku mbili kabla ya mara ya kwanza.

"Tangu mwanzo," nikasema.

Hii ni wiki ya saba tangu asubuhi ile, na nimejaribu kuandika habari nyingine humu nikashindwa.

Lilivyoingia nyumbani

Shangazi anatoka Ukerewe. Alipoambiwa kwamba ni saratani ya shingo ya kizazi na kwamba tiba yake ni mionzi, alipanda meli ya Nansio akiwa na begi moja, kiroba cha dagaa na mfuko wa machungwa, akafikia kwetu Mwanza. Ratiba ilikuwa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tano, na mara moja kwa wiki dripu ya kemo. Baada ya hapo, mionzi ya ndani.

Huyu ndiye aliyeuza dagaa nikasoma sekondari. Siongezi neno hapo.

Saratani yenyewe hakuiogopa kama alivyoliogopa neno mionzi. Kwake mionzi na radi ni ndugu. "Mwanangu, wananipiga radi kila siku halafu wanasema napona?" Nilimjibu kwa maneno ya mtu aliyesoma, lakini hofu yangu haikuwa ndogo kuliko yake.

Jumapili moja baada ya jumuiya, mama mmoja tunayesali naye alinishika mkono. Anauza virutubisho. Nataka ieleweke kwamba hakunitapeli. Aliniambia kwa machozi jinsi kaka yake alivyopigwa mionzi akateketea kama mshumaa, na kwamba angelijua kopo hili mapema labda wangekuwa naye leo. Akasema vidonge vile vinaondoa mionzi mwilini na kulinda seli zenye afya. Shilingi 85,000. Nililipa kwa simu palepale, kabla hata sijauliza vinamezwa mara ngapi.

Nimejiuliza sana kwa nini nililipa haraka vile. Nadhani ni korido. Ukimpeleka mgonjwa wa mionzi, kazi yako ni kungoja. Unamkabidhi mlangoni, mlango mzito unafungwa, unabaki umeshika mkoba wake na kandambili zake. Dakika kumi baadaye unarudishiwa mtu wako, na hakuna ulichomfanyia. Kopo lilinipa kazi. Kila usiku saa mbili nilikuwa na vidonge viwili vya kumpa na glasi ya maji ya kumshikia.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo zito kwangu kuliandika.

Mwanangu ana miaka mitano, na tangu bibi yake alipofika hakutaka kukaa pengine ila mapajani pake. Wiki ya kwanza ya matibabu nilimwita pembeni nikamwambia asimkalie bibi mpaka bibi amalize dawa. Nilisema kwa sauti ya chini. Shangazi alisikia. Hakuniuliza kitu. Kesho yake nilimkuta amehamisha kiti chake mwenyewe, amekaa karibu na mlango wa uani, peke yake.

Kidonge kinajuaje?

Daktari alichukua karatasi akanichorea duara.

Mwili, alisema, kwa sehemu kubwa ni maji. Mionzi ikipita ndani ya seli huvunja maji hayo, na vipande vinavyobaki ni vikali kupita kiasi. Havidumu hata kufumba na kufumbua, ila katika muda huo vinafika kwenye vinasaba na kuvikata. Mionzi yenyewe pia hukata moja kwa moja, lakini kazi kubwa hufanywa na vile vipande vya maji. Seli iliyokatwa vinasaba pande zote mbili za uzi hushindwa kujigawa, na hufa. Hivyo ndivyo saratani inavyouawa.

"Hivi vidonge vyako," akasema, "sifa yake kubwa ni kuvinyonya vipande hivyo kabla havijakata kitu. Sasa nijibu: kidonge kinajuaje kipande kipi kiko kwenye kibofu na kipi kiko kwenye saratani?"

Nikanyamaza.

Nilikuwa nimelipa 85,000 ili ngao ifike pande zote mbili za vita.

Usiku ule sikulala. Nilisoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha, nikachomeka nikaendelea. Nilichokuwa nakitafuta ni mtu wa kuniambia daktari amezidisha. Nikaangukia jaribio lililofanyika Canada, majibu yake yakatoka mwaka 2005: wagonjwa 540 wa saratani za kichwa na shingo waliokuwa kwenye tiba ya mionzi, nusu wakipewa vitamini E na beta-karotini, nusu wakipewa vidonge vitupu. Beta-karotini iliondolewa katikati ya safari, kwa sababu majaribio mengine yalikuwa yameshaonyesha hatari yake kwa wavuta sigara. Moja ya hayo ni la Finland, lililochapishwa mwaka 1994, lenye wanaume wavutaji 29,133. Waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Kirutubisho chenye rangi ya karoti!

Lakini kilichonikosesha usingizi ni jedwali moja la Canada. Waliomeza vitamini zote mbili walipata madhara makali ya mionzi machache kuliko wenzao. Yaani vidonge vilikinga. Kisha ukihamia upande wa pili wa matokeo, saratani kurudi palepale kulielekea kuwa kwingi zaidi kwa waliovimeza, ingawa tofauti haikuwa kubwa vya kutosha kusema si bahati tu. Na katika muda wa kumeza vidonge, saratani mpya zilijitokeza zaidi upande huo huo.

Nilisoma mistari ile mara nne. Shangazi hana saratani ya shingo, ana ya shingo ya kizazi. Hajawahi kuvuta hata msokoto. Dozi za kopo letu ni nyingine. Kila tofauti niliyoipata niliing'ang'ania kama mtu aliyezama anavyoshika jani.

Siku ya pili nilimfuata daktari kwenye ngazi, nikamuuliza waziwazi kama nimemdhuru.

"Siwezi kukuambia ndiyo," akasema. "Na siwezi kukuambia hapana. Mara kumi zimepita, zimebaki kumi na tano. Liache, tuendelee."

Ningependelea angenigombeza.

Maziwa

Niliirudia lebo kwa sababu ya neno moja, madini joto. Hilo nalijua, liko kwenye pakiti ya chumvi: ni iodini. Nilitaka kujua limeingiaje kwenye biashara ya mionzi, na hapo ndipo nilipokutana na habari ya kweli.

Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulipolipuka tarehe 26 Aprili 1986, kati ya vilivyorushwa angani ilikuwemo iodini yenye mionzi. Nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya siku nane, kwa hiyo hatari yake kubwa ni wiki za mwanzo. Ilianguka kwenye majani. Ng'ombe wakala majani. Watoto wakanywa maziwa.

Tezi ya shingoni, ile inayovimba mtu akipata rovu, inapenda iodini kuliko kiungo kingine chochote, na haiwezi kutofautisha iodini safi na yenye mionzi. Ikiwa na njaa inaimeza yoyote inayopita. Kufikia mwaka 2005, watu zaidi ya 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati wa ajali, katika Ukraine, Belarus na maeneo ya Urusi yaliyoguswa, walikuwa wamegundulika na saratani ya tezi hiyo, na sehemu kubwa inahusishwa na maziwa yale. Poland, jirani yao, ilianza kugawa iodini siku ya tatu baada ya ajali. Ndani ya siku chache watoto zaidi ya milioni 10 walikuwa wamekunywa, ili tezi zao zishibe kabla ile mbaya haijafika. Pia walizuia maziwa ya ng'ombe waliolishwa majani mabichi.

Nilipofika hapo niliweka simu chini. Kwetu tumekua tukiambiwa maziwa yanasafisha. Fundi wa kuchomelea vyuma anakunywa maziwa, mpaka rangi anakunywa maziwa, na wa X-ray nao, tunasema, wanapewa maziwa kazini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeagiza lita moja kila siku kwa jirani mwenye ng'ombe, kwa ajili ya Shangazi. Kumbe kuna mahali ambapo maziwa ndiyo yaliyobeba mionzi hadi mdomoni mwa mtoto.

Iodini basi ni dawa ya kweli, yenye adui mmoja na saa yake. Kwa mtu mzima dozi yake ni kidonge cha miligramu 130 za potasiamu iodidi, kinachomezwa muda mfupi kabla au saa chache sana baada ya mionzi ya namna hiyo kuingia hewani, na kinalinda tezi ile tu. Hakigusi mionzi ya X-ray, hakigusi ile ya mashine ya Shangazi. Kidonge cha kopo letu kilikuwa na mikrogramu 150, kiasi cha mahitaji ya siku moja. Ili kufikia dozi ile ningelazimika kummezesha vidonge zaidi ya 600 kwa mkupuo, kwa ajili ya hatari ambayo haikuwepo. Mwaka 2011, baada ya ajali ya Fukushima, watu nchini China waligombania chumvi yenye madini joto madukani kwa imani hiyo hiyo. Siwacheki. Hofu ikimpata mtu hana muda wa kupiga hesabu ya miligramu.

(Chumvi yenye madini joto endeleeni nayo, tafadhali. Sisi wa ziwani samaki wetu ni wa maji baridi, hawana iodini kama wa baharini. Hiyo chumvi ndiyo inayotukinga na rovu. Ni kazi nyingine kabisa.)

Zipo na dawa nyingine za kweli za mionzi. Goiânia, huko Brazil, mwaka 1987 watu waliokota chombo cha mashine ya zamani ya mionzi kwenye jengo lililoachwa, wakakivunja, wakagawana unga uliong'aa gizani. Ulikuwa siziamu yenye mionzi. Wanne walifariki. Baadhi ya walionusurika walipewa unga wa rangi ya bluu, ile ile ya wachoraji, ambao hukamata siziamu tumboni na kutoka nayo chooni. Hata hiyo isingemfaa Shangazi kwa lolote, kwa sababu Shangazi hakumeza kitu chenye mionzi. Hakuna cha kukamata.

Hilo la mwisho nililisoma, nikalipita, halafu nikarudi nyuma.

Hakuna cha kukamata.

Mlangoni

Asubuhi iliyofuata nilimuuliza dada anayeendesha mashine. Yeye anakaa pale mwaka mzima. "Ninyi mnakunywa nini?"

Alicheka, kisha akaona kwamba nauliza kweli. Akanionyesha kibandiko kidogo cha plastiki kifuani, kinachopima mionzi inayomfikia. Akagonga ukuta kwa vidole. Zege nene sijapata kuona. Akaniambia walivyofundishwa darasani: muda, umbali, kizuizi. Kaa muda mfupi, kaa mbali, weka kitu kizito katikati. Ukiongeza umbali mara mbili, kinachokufikia kinabaki robo. Basi. Hakuna maziwa.

"Na Shangazi?" nikauliza. "Akitoka humo ndani, anatoka na kitu?"

"Kitu gani?"

"Mionzi."

Akaniangalia kwa muda. "Kaka, taa ukiizima, chumba kinabaki na mwanga? Hata ile ya ndani atakayofanyiwa mwishoni, chanzo kinaingia kwa waya na kinatoka kwa waya. Mama yako anatoka hapa kama wewe."

"Mtoto anaweza kumkalia?"

"Tangu siku ya kwanza."

Sikumbuki nilivyoshuka kilima kile. Nyumbani nilimkuta Shangazi amekaa palepale penye mlango, na mtoto ameketi kwenye jiwe uani, hatua tano kutoka kwake, wakipigiana hadithi kwa mbali kama watu wa mitumbwi miwili. Nikambeba nikamweka mapajani pa bibi yake. Nikamwambia Shangazi, nisamehe. Hakusema amenisamehe. Alimshika kichogo mtoto, akanusa nywele zake, akaendelea na hadithi pale alipoishia.

Jiwe lile nalo nimelisoma. Wageni huja Mwanza kupiga picha Bismarck na mawe mengine. Sisi tumejenga katikati yake. Ni itale, na itale kwa kawaida ina uranium, thoriamu na potasiamu yenye mionzi kidogo kuliko... hapana, niandike sawasawa: zaidi kidogo kuliko miamba mingi mingine. Binadamu wa kawaida duniani anapata mionzi ya takriban milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani, hewani na kwenye chakula chenyewe. Nilikuwa nimemwondoa mwanangu kwa mtu ambaye mashine haikumwachia mionzi yoyote, nikamweka juu ya jiwe lenye nayo. Jiwe halimdhuru, tumekulia juu yake vizazi na vizazi. Ila mashine haikumwachia bibi yake hata hicho cha jiwe.

Nusu lita

Wiki ya tatu tumbo la Shangazi lilianza kuharisha. Mionzi ya kiunoni hugusa utumbo, na utumbo hukasirika. Muuguzi alinikalisha akaniuliza anakula nini, nikamtajia kwa fahari: maziwa lita moja, maharage, kisamvu, matunda na maganda yake.

Vyote akavikata kwa kalamu.

Maziwa kwanza, kwa sababu utumbo uliochoka unashindwa kuyasaga. Maharage na majani magumu yangoje. Akaandika wali laini, viazi, ndizi mbivu, sato wa kuchemsha bila pilipili, mayai, uji, maji yenye chumvi na sukari ya pakiti kila anapotoka chooni. Na damu. Damu ya Shangazi ilikuwa imeshuka hadi 9, na muuguzi akasema mgonjwa wa mionzi mwenye damu pungufu hatendewi haki. Hapo ndipo nilipoelewa tena ule mchoro wa daktari: oksijeni ndiyo inayofanya majeraha ya vinasaba yasizibike, na saratani isiyofikiwa na oksijeni huvumilia mionzi mara mbili hadi tatu zaidi. Oksijeni hubebwa na damu. Aliongezewa chupa moja, na jikoni tukaongeza tulichoweza.

Mke wangu alitoa kile kiroba cha Ukerewe. Shangazi mwenyewe ndiye aliyechambua. Anashika dagaa kwa vidole viwili, anakunja shingo, kichwa kinatoka na utumbo wake mweusi, mwili unabaki safi kama sindano ya fedha. Mchanga unaoshwa mara tatu. Wanakaushwa kikaangoni bila mafuta mpaka walie wakikorogwa, wanatwangwa, wanachekechwa. Kijiko kimoja cha unga ule kwenye uji wa mchele, asubuhi na jioni. Mtoto alipewa kazi ya kuokota vichwa.

Lakini jambo ninalotaka kulisimulia zaidi ni maji.

Tangu siku ya kwanza kulikuwa na chupa. Kila mgonjwa wa kiunoni huambiwa akakojoe, kisha anywe nusu lita, kisha asikojoe mpaka aitwe. Shangazi aliichukia chupa ile. Foleni ikichelewa alikuwa akijikunja kwenye benchi, na mara mbili nilimruhusu anywe nusu tu, kwa huruma. Nilidhani ni utaratibu wa hospitali, kama kusimama kwenye mstari.

Siku ile ya muuguzi nilimuuliza maji yale ni ya nini.

Akaweka ngumi yake mezani. "Hiki kibofu. Kikiwa kitupu, utumbo unateremka unakaa hapa, kwenye njia ya mionzi." Akaikunjua ngumi taratibu, ikawa kubwa, ikausukuma mkono wake mwingine juu. "Kikijaa, kinausukuma utumbo utoke njiani. Na kinakuwa na ujazo ule ule kila siku, kwa hiyo mashine inapiga palepale."

Niliitazama ile ngumi.

Kinga ya mionzi ya kunywa ilikuwepo. Tulikuwa nayo tangu mara ya kwanza, kwenye chupa ya plastiki iliyojazwa nyumbani, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia aache nusu. Wala haimlindi adui, maana inausogeza utumbo na kuiacha saratani palepale mionzi inapopita.

Na ile ratiba ya mara 25 niliyoiona kama usumbufu nayo ni kinga. Grei 50 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) zingetolewa kwa siku moja zingeharibu kila zilichogusa. Zikigawanywa mbili mbili, seli nzima zinapata usiku wa kujikarabati, na za saratani zinachelewa katika kazi hiyo. Ndiyo maana hawataki ukose siku. Ndiyo maana ile mistari ya wino waliyomchora nyongani walitukataza kuisugua, nasi tukawa tunamwogesha kwa kuizunguka, mke wangu akiimwagia maji kwa kikombe kama anayemwagilia mche.

Kuanzia siku hiyo chupa niliibeba mimi. Nilikuwa nakunywa ya kwangu pamoja naye, nusu lita kwa nusu lita, tumekaa benchi moja tumebana miguu.

Alimaliza zote 25, akamaliza na za ndani. Alirudi Nansio akiwa amepungua kilo tatu, anatembea mwenyewe. Atakuja kupimwa baada ya miezi mitatu. Mpaka hapo, zile mara kumi za mwanzo zinabaki na mimi.

Daftari

Kopo liko juu ya kabati. Kwa wiki kadhaa kila nikiliona namwona yule mama wa jumuiya, na kila Jumapili nilikuwa nikitoka kwa mlango mwingine.

Nilikuwa najiambia sitaki kumuumiza. Kaka yake alishakufa. Nimwendee niseme nini? Kwamba alichokiamini kama dawa huenda kingemharakisha? Halafu nikafikiria walio kwenye benchi pale asubuhi, na vitenge vyao vyenye mafundo.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwake. Nilimsalimu, akanikaribisha chai, akauliza habari za Shangazi. Nikamweleza yote, taratibu, kama daktari alivyonieleza: maji yanayovunjika, vipande vikali, kidonge kisichojua kipo wapi. Nilimchorea lile duara nyuma ya bahasha. Sikumtajia kaka yake.

Alikaa kimya muda mrefu. Chai yake ilipoa.

"Ulitaka nikurudishie hela?"

"Hapana, mama."

"Basi niambie wewe," akasema, na sauti yake haikuwa na ugomvi ndani yake. "Mtu anakuja hapa analia. Mzazi wake anaanza mionzi. Nimpe nini? Nimwambie arudi nyumbani akakae?"

Nikamwambia amwambie mgonjwa amtajie daktari kila anachomeza, hata cha kienyeji, kabla ya siku ya kwanza. Nikamwambia habari ya damu na dagaa. Nikamwambia asimtenge na watoto. Kisha nikamweleza habari ya chupa, nikamwekea ngumi mezani kama nilivyowekewa.

"Maji tu?"

"Kwa wa kiunoni. Nusu lita, au kadiri watakavyomwambia pale, na asikojoe mpaka aitwe."

Aliinuka akaingia chumbani. Nilidhani amekasirika. Alirudi na daftari la wateja, lile kubwa la jalada gumu, akavaa miwani, akaanza kushusha kalamu jina kwa jina. Wengine aliwapita. Kwa wengine aliweka alama ndogo pembeni. Kwenye ukurasa wa tatu kalamu ilisimama.

"Huyu kachukua makopo mawili," akasema. "Mama yake anaanza Jumatatu."

Akavuta simu, akaanza kutafuta namba.